Watu Wasioijua Kesho: Maoni ya Msomaji kuhusu Riwaya na Historia Zetu

Ninapomaliza kitabu, kiwe riwaya au kiwe historia, huwa najiuliza kwanza kama watu waliomo ndani yake waliachiwa haki ya kutoijua kesho yao. Mpagazi wa bandari ya Unguja mwaka 1948 hakujua kwamba 1964 ilikuwa njiani. Mwanakijiji aliyepakiwa kwenye lori mwaka 1974 pamoja na masufuria na kuku wake hakujua kama alikuwa anapelekwa kwenye maendeleo au kwenye njaa. Sisi tunajua kwa sababu tumekuja baadaye, na ujuzi huo ni mtego kwa mwandishi, maana humshawishi kuwapanga watu wa zamani kana kwamba walikuwa wamekaa kituoni wakilisubiri basi la historia. Kwa kipimo hiki nimejikuta nikizipenda riwaya ambazo darasani zilipitwa harakaharaka, na nikichoshwa na vitabu vinavyosifiwa kila mahali. Najua kipimo kimoja hakitoshi kukihukumu kitabu. Bado ndicho ninachokitumia, na maoni yanayofuata yote yametokana nacho.

Nianze na *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mara nyingi kitabu hiki hutajwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, na mara nyingi vilevile hutokea mtu akapinga kwamba hiyo si riwaya hata kidogo. Mabishano hayo sioni yanatufikisha wapi. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makazi ambayo wamisionari waliyaanzisha katika miaka ya 1870, na alichokiandika ni kumbukumbu za wazee wake zilizopewa umbo la hadithi. Wakosoaji wa baada ya uhuru walimwandama, na walikuwa na sababu: Mwingereza wa kitabu hicho ni mkombozi asiye na doa, manowari zake hutokea kama rehema itokayo mbinguni, na hakuna anayeuliza karafuu na pembe za ndovu zilizowatesa wale watumwa zilikuwa zikiuzwa kwa nani. Pamoja na hayo, zile sehemu zinazosimulia kunaswa kwa watu na mwendo wao hadi pwani bado zina nguvu, kwa kuwa humo mtu hajui lolote zaidi ya mnyororo wake na siku inayofuata. Manowari ikishafika, kitabu kinageuka kuwa shukrani, na shukrani ndefu humchosha hata anayeshukuriwa. Ningemshauri kila anayepita Kengeleni, penye ile kengele ya Frere Town, akisome angalau mara moja, akijua kwamba anasoma namna jamii moja ilivyotaka kukumbuka wokovu wake.

Upande wa pili wa mnyororo yupo mtu aliyeandika vizuri zaidi ya Mbotela, na jambo hilo limenikera kwa muda mrefu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla mwenyewe hajafariki Unguja mwaka 1905. Nathari yake ni kavu, fupi, na imejaa hesabu. Anaanza na safari zake za ujana, akiwa bado mvulana wa biashara ndogo ya sandarusi, na tangu hapo kila ukurasa una mzigo, deni, bei, ugomvi na njia. Hatubembelezi wala haombi radhi. Msomaji anayetafuta toba hataipata humo, na pengine ndiyo sababu sentensi zake hazijachakaa.

Kisa ninachokirudia mara kwa mara ni kile cha Utetera, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Kongo. Tippu Tip alikuwa amesikia kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa chifu Kasongo Rushie walitekwa na kupelekwa mbali, na kwamba mzee yule hakuacha kuwalilia. Akatuma habari kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Akapokewa kama damu iliyorudi nyumbani, na mzee akamkabidhi utawala, na pamoja na utawala pembe zote ambazo desturi ilimpa chifu. Anatusimulia haya bila kukonyeza jicho, na kwa ustadi ambao mtunzi wa riwaya angeuonea wivu, kwa sababu huzuni ya mzee inabaki kuwa huzuni ya kweli ingawa anayetusimulia ndiye aliyeitumia kama ufunguo. Alipokuwa akiyaandika hayo, himaya yake ya biashara ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa Wabelgiji, lakini hadithi yenyewe haikutiwa kivuli cha anguko hilo. Kila safari inaanza kama bahati nasibu, na Taria Topan, tajiri aliyempa mali kwa mkopo, anasubiri Unguja bila kujua kama mkopo wake utarudi.

Kasoro ya kitabu kile ni kubwa, na haifunikwi na uzuri wa lugha. Mamia ya watu wanabeba zile pembe, wanakufa njiani, wanauzwa, na karibu wote hawana jina. Nilipokuwa nikitafuta maelezo ya kwa nini biashara yote ile iliwezekana, niliyapata kwa Abdul Sheriff, katika *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar* cha mwaka 1987. Hoja yake, nikiisema kwa ufupi, ni kwamba katika karne ya 19 bei ya pembe iliendelea kupanda ilhali bei ya nguo na bidhaa za viwandani zilizoletwa na wageni haikupanda, hata ilishuka, na pengo kati ya bei hizo mbili ndilo lililousukuma msafara kuingia bara zaidi na zaidi kila muongo. Baada ya kukisoma, Tippu Tip hawezi kuonekana tena kama shujaa wala kama shetani wa peke yake; anaonekana kama mtu aliyesimama mahali pazuri ndani ya pengo la bei. Hiyo ni kazi kubwa kwa kitabu kimoja. Ila Sheriff hana muda na wapagazi, sawa na Tippu Tip asivyokuwa na muda nao. Kwa mmoja hawana majina, na kwa mwingine wamekuwa tarakimu.

Aliyewapa sura ni Abdulrazak Gurnah, katika riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ambayo sasa tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wengi waliikimbilia baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, na baadhi yao walikata tamaa, kwa sababu walitarajia riwaya inayopiga kelele dhidi ya ukoloni. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake kwa tajiri anayeitwa Ami Aziz, hajui hata kwamba amewekwa rehani. Anadhani anakwenda kutembea. Ujinga huo wa mtoto ndio uti wa kitabu. Tunasafiri naye hadi bara, tunafika kwa chifu Chatu ambaye anaupokonya msafara mali yake, na pale Mzungu anapotokea na kuamua shauri lile kwa maneno machache, hakuna mhusika anayetangaza kwamba zama mpya zimeanza. Wanachojua ni kwamba wamerudishiwa sehemu ya mali. Msomaji ndiye anayeingiwa na baridi. Nilikuwa na wasiwasi kwamba katika Kiswahili mazungumzo ya riwaya hii yangekuwa mazito, lakini yamekuwa kinyume chake: kejeli za mnyapara, dua za wasafiri na matusi ya dukani yanasikika kama yametoka hapo barazani.

*Afterlives*, ya mwaka 2020, naiweka chini kidogo ya *Peponi*, ingawa naijua sababu ya watu kuipenda. Sehemu yake bora ni ile inayomrudisha Hamza kwenye mji wa pwani baada ya vita. Amekuwa askari wa Wajerumani, amejeruhiwa na mmoja wa wakubwa wake, hana mali wala jamaa, na anakwenda kuomba kazi kwa mfanyabiashara Nassor Biashara. Kurasa nyingi zinapita ambamo hakuna linalotokea isipokuwa mtu kupewa kazi, kupewa pa kulala, kuonwa na msichana na kumwona. Historia ya vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki imeandikwa mara nyingi kama mchezo wa majenerali wawili wanaofukuzana. Hapa tunaona kilichobaki mwilini mwa askari mmoja, na jinsi kazi ya mikono inavyomrudisha taratibu miongoni mwa watu.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayonitatiza. Ilyas, kaka wa msichana yule, aliyejitolea kwenda kupigana upande wa Wajerumani akapotea, tunaambiwa hatima yake kwa haraka, kwa mtindo wa ripoti, mpaka kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mwanahistoria atatambua mara moja mfano wa kweli ulio nyuma yake: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam na askari wa zamani, aliyefundisha Kiswahili Berlin chini ya jina la Bayume Mohamed Husen, na kufia katika kambi hiyohiyo mwezi Novemba 1944. Ninaelewa kwamba mtu aliyetoweka hupatikana katika kumbukumbu za maofisini, si katika mazungumzo ya jikoni, na huenda mwandishi alitaka tuuhisi ubaridi wa mafaili hayo. Hata hivyo ningependa kukaa na Ilyas wakati alipokuwa bado anaamini kwamba Wajerumani walimpenda. Imani hiyo ndiyo fumbo lake, na riwaya inalipita mbio.

Kabla sijaondoka kwenye vita hivyo, niseme neno juu ya kitabu kidogo cha historia ambacho sijawahi kuchoka nacho: *Dance and Society in Eastern Africa* cha Terence Ranger, cha mwaka 1975. Somo lake ni beni, zile ngoma za vyama zilizoenea kutoka miji ya pwani hadi bara, ambamo watu walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashindana kambi mbili, Marini na Arinoti, kwa nyimbo na gwaride. Mtu anaweza kudhani huo ni upuuzi wa kuiga wazungu. Ranger anaonyesha kwamba vyama vile vilizika wafu, vilisaidia wagonjwa, vilipokea wageni mjini, na ndani yake watu walijifunza kuchagua viongozi na kutunza fedha. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hawageuzi kuwa wanaharakati wa uhuru waliojificha nyuma ya tarumbeta. Walikuwa wanataka kuwashinda wapinzani wao wa mtaa wa pili, basi. Ukilinganisha na kitabu kikubwa cha John Iliffe, *A Modern History of Tanganyika* cha mwaka 1979, ambacho kila mpenda historia ya nchi hii lazima apambane nacho na ambacho mimi hukitumia kama kamusi, Ranger ana pumzi fupi lakini ana masikio makali.

Sasa nifike Unguja, ambako kipimo changu kinapata shida. Adam Shafi ameandika riwaya ambazo bila hizo kizazi changu kisingejua lolote juu ya maisha ya kawaida ya kisiwa kile kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, na pia ameandika kurasa ambazo sitaki kuzirudia. *Kasri ya Mwinyi Fuad*, ya mwaka 1978, ina mhusika mmoja asiyesahaulika, Kijakazi, mtumishi mzee anayempenda bwana wake kuliko anavyojipenda mwenyewe, na ambaye hata Mapinduzi yakishafika hayaelewi. Kwa muda wote Kijakazi anapokuwa peke yake na uaminifu wake wa kutisha, riwaya ni ya hali ya juu. Kisha wanatokea watu wa kumwelimisha, na wanamwelimisha kwa lugha ya mkutano wa hadhara. Wao wanajua kila kitu. Wanajua hata tafsiri sahihi ya maisha yake yeye. Nikiwa msomaji ninageuka kuwa upande wa Kijakazi, ambao nadhani sio upande mwandishi aliotaka nikae.

*Kuli*, iliyotoka mwaka uliofuata, inahusu mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1948, ule ulioanza kwa makuli mwezi Agosti na kuenea hadi ukawa mgomo wa mji mzima mwezi Septemba. Hapa pia Rashidi, kijana wa kikuli na mwana wa kuli, hufundishwa siasa kwa hotuba ndefu. Lakini riwaya hii ina kitu ambacho hotuba hazikuweza kukiua: uzito wa gunia. Kazi ya bandarini imeandikwa na mtu anayejua jinsi mgongo unavyouma, jinsi kuli anavyoamkia bandarini bila kuwa na hakika ya kupata kazi siku hiyo, na jinsi msimamizi anavyoweza kumnyima mtu riziki kwa neno moja. Ukitaka kuona umuhimu wa jambo hilo la kutojua kama leo kuna kazi, soma kando yake *On the African Waterfront* cha Frederick Cooper, cha mwaka 1987, kinachohusu bandari ya Mombasa na mgomo mkuu wa Januari 1947. Cooper anaeleza kwa nini serikali ya kikoloni iliogopa sana kibarua wa kutwa. Mtu anayefanya kazi leo na kupumzika kesho, mwenye shamba au ndugu wa kumsitiri, hatishiki kwa kufukuzwa. Ndiyo maana baada ya migomo wakubwa wa bandari walitaka kumgeuza kuwa mfanyakazi wa kudumu, mwenye daftari, mshahara wa mwezi na kitu cha kupoteza. Shafi anatuonyesha kibarua kama mtu aliyenyang'anywa kila kitu. Cooper anatuonyesha kwamba unyonge uleule ulikuwa na upande wa uhuru, na kwamba mwajiri aliuona upande huo kabla ya wanasiasa. Ningetoa riwaya tatu za propaganda kwa moja ambayo ingeyashika yote mawili kwa pamoja.

*Vuta n'Kuvute* imekaribia kuwa riwaya hiyo, na kwangu ndiyo kazi bora ya Shafi. Ilitoka mwaka 1999, miongo miwili baada ya hizo za kwanza, na inaonekana mwandishi alikuwa amewachoka wahutubu. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mzee wa kumzaa, anatoroka ndoa hiyo na kuingia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwa rafiki yake Mwajuma. Familia yake inamkana. Anajifunza kuimba taarabu. Anampenda Denge, mwanaharakati aliyesoma Urusi, ambaye polisi wa kikoloni, Inspekta Wright na Koplo Matata wake, wanamwinda usiku na mchana. Muhtasari huu ungeweza kuwa wa riwaya ya propaganda kama zile nyingine. Tofauti ni kwamba Denge si jua ambalo Yasmin analizunguka. Yasmin anampenda bila kuikubali siasa yake moja kwa moja, anaingia katika hatari zake kwa sababu za moyo, na maisha yake hayaishii pale Denge anapokimbia nchi. Anaolewa na mtu mwingine, anaendelea kuishi. Kuna wanaoiona tamati hiyo kuwa dhaifu, wakisema mwandishi alimwacha mhusika wake arudi kwenye ndoa baada ya safari yote ile. Mimi naiona kuwa tamati ya kweli kuliko zote alizoziandika, kwa sababu mwanamke wa miaka ya 1950 hakuwa na wajibu wa kuisubiri 1964 ili maisha yake yapate maana. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imeitendea haki rangi na sauti ya mji, lakini Mwajuma wa kitabuni, na ulimi wake, hana mfano.

Katika historia, kitabu kilichonisaidia kuuelewa mji huo wa Yasmin ni *War of Words, War of Stones* cha Jonathon Glassman, cha mwaka 2011. Si kitabu rahisi, na Wazanzibari wengi watakisoma kwa meno yaliyokazwa, maana hakimwachii Mwingereza peke yake lawama ya chuki za rangi. Glassman anasoma magazeti ya wakati ule, *Mwongozi* na *Afrika Kwetu* na mengineyo, na anafuata jinsi mjadala wa walimu na wasomi juu ya ustaarabu, juu ya nani mwenyeji na nani mgeni, ulivyoteremka mwaka hadi mwaka kutoka kwenye safu za magazeti hadi madukani, visimani na mashambani, mpaka ghasia za uchaguzi za Juni 1961, ambamo kwa hesabu rasmi waliuawa watu 68. Walioandika makala zile za mwanzo hawakuwa wanapanga mauaji. Walikuwa wanajibizana, wakijisifu kwa ufasaha wao. Glassman anawaacha wabaki hivyo, watu wa kalamu wasiojua kalamu yao inakwenda wapi, na kwa sababu hiyo kitabu kinatisha kuliko shutuma yoyote.

Siwezi kusema hivyohivyo kuhusu *Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!* cha Harith Ghassany, cha mwaka 2010, ingawa nakiheshimu. Kiliandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo watafiti wengi wa historia yetu hawajajali kulifanya, na kilikusanya ushuhuda wa wazee ambao bila yeye wangeondoka nao, hasa juu ya watu waliovuka kutoka pwani ya Tanga kushiriki Mapinduzi. Sehemu za ushuhuda ni hazina. Lakini mwandishi ana kesi ya kushinda, na kila shahidi anaitwa kwa ajili ya kesi hiyo. Nilipokuwa nikisoma nilitamani mara nyingi mzee aachwe aendelee kusimulia habari zisizokuwa na faida kwa yeyote. Katika riwaya kasoro kama hiyo ningeiita ubovu wa utunzi. *Haini* ya Shafi, ya mwaka 2003, inayotokana na kukamatwa kwa watu baada ya kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972, ina hasira kubwa kuliko Ghassany na sababu za kibinafsi zaidi, maana mwandishi mwenyewe alionja kifungo hicho. Hata hivyo inajua kutulia ndani ya chumba cha mahabusu na kumsikiliza mtu anayehesabu nyayo za askari mlangoni.

Nimebakisha bara, na kwa upande wa bara ninamtaja Euphrase Kezilahabi kwanza. Darasani tulifundishwa *Rosa Mistika* kama onyo kwa wasichana, na *Kichwamaji* kama falsafa ya kukata tamaa. Riwaya zake mbili juu ya Ujamaa zilisukumwa pembeni. *Dunia Uwanja wa Fujo*, ya mwaka 1975, inamfuata Tumaini, kijana wa Ukerewe aliyerithi mali, akaitapanya, akainuka tena kwa kilimo, na mwisho akakabiliana na siasa mpya akiwa na shamba la kupoteza. *Gamba la Nyoka*, ya mwaka 1979, inahusu kuhamishwa kwa wanakijiji na vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, waliopewa kazi ya kuufanya mpango ufaulu. Zingatia tarehe. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Operesheni iliendelea hadi katikati ya muongo ule. Na ndani ya miaka mitatu minne tangu imalizike Kezilahabi alikuwa ameichapisha riwaya yenye wanakijiji wanaokataa, viongozi wanaojinufaisha, na wasomi wenye nia njema wasiojua wafanye nini na nia hiyo. Hakuna aliyejua wakati huo jinsi jaribio lile lingehukumiwa. Ndiyo maana riwaya haihukumu kwa sauti moja. Wanakijiji wake ni wajanja, waoga, wachekeshaji na wakaidi; wengine wanahama kwa kupenda, wengine kwa kusukumwa, na wapo wanaohama kwa kupenda kisha wakajuta.

Vitabu vingi vya historia na siasa vilivyofuata vilitaka jibu la ndiyo au hapana. Kimoja ninachokipenda kwa kukataa ni *African Socialism in Postcolonial Tanzania* cha Priya Lal, cha mwaka 2015, kilichojengwa kwa sehemu kubwa juu ya mazungumzo na wazee wa Mtwara. Katika kurasa zake mtu yuleyule anaweza kukumbuka nyumba yake ilivyoachwa nyuma, kisha akaukumbuka wakati huo kwa fahari. Lal hamlazimishi achague. Nilipomaliza nilikuwa na hisia kwamba nimekutana na wanakijiji wa Kezilahabi baada ya miaka 35, wakiwa wamezeeka lakini wakiwa bado hawajakubaliana.

Mwisho, Ken Walibora, na ubishi mmoja nilio nao na wasomaji wenzangu wa Kenya. Riwaya yake *Kufa Kuzikana*, ya mwaka 2003, inawahusu Akida na Tim, marafiki wa makabila mawili yanayogeukiana kwa mapanga katika nchi ya kubuni inayoitwa Kiwachema. Tangu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, imekuwa kawaida kuiita riwaya ya utabiri, na baada ya kifo cha mwandishi Aprili 2020 sifa hiyo ilirudiwa kila mahali. Siipendi. Mapigano ya Bonde la Ufa yalikuwa yametokea mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ya Likoni mwaka 1997. Walibora aliandika juu ya mambo ambayo kila msomaji wake mtu mzima alikuwa ameyasikia redioni, na watu wake Akida na Tim wanaogopa kitu kilichokwisha kutokea mara moja na kinachoweza kurudi, si kitu kitakachokuja. Kumwita nabii ni kumwondoa katika mwaka aliouandikia kitabu chake, na ni kuwapa wasomaji wa 2003 kisingizio kwamba habari hiyo haikuwa imewafikia.